Namna ya Kudai Malimbikizo ya Mshahara Pale Nyongeza Isipotekelezwa: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Arusha na Moshi

Mwongozo huu unamlenga mfanyakazi wa sekta binafsi, awe mhudumu wa hoteli, dereva wa watalii, mlinzi wa getini, mwalimu wa shule binafsi au kibarua wa shamba la maua, ambaye mshahara wake ulipaswa kupanda kuanzia tarehe fulani lakini mwisho wa mwezi umefika na amelipwa kiasi kilekile cha zamani. Mara nyingi mwajiri hakatai kwamba nyongeza ipo. Husema tu, "Subirini msimu uchangamke," na maneno hayo yakitamkwa Februari maana yake ni Juni, kwa kuwa kipindi chote cha masika wageni huwa wachache na lodge nyingi hupunguza shughuli. Juni ikifika, muda wa kisheria wa kufungua mgogoro umekwisha kupita. Kwa hiyo tarehe na hesabu ndizo zitakazopewa uzito zaidi hapa, kuliko hata uzuri wa hoja.

Hatua ya kwanza: Fahamu nyongeza yako imetoka wapi

Kabla ya kuandika chochote, jiulize ni nani aliyesema mshahara upande, na alisema kwa maandishi gani. Chanzo cha kwanza kinachowezekana ni Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara, ambayo Waziri mwenye dhamana ya kazi huitoa chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 na kuitangaza katika Gazeti la Serikali. Amri ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Januari 2023, na iliyoifuata, iliyotangazwa Oktoba 2025, ilianza kutumika 1 Januari 2026. Katika kuitangaza, Serikali ilieleza kuwa kima cha chini kwa sekta binafsi kimepanda kutoka Sh 275,060 hadi Sh 358,322 kwa mwezi, na tangu siku hiyo takwimu hiyo imekuwa ikirudiwa vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp kana kwamba kila mfanyakazi anastahili Sh 358,322. Sivyo ilivyo. Hicho ni kiwango cha wastani. Amri yenyewe ina jedwali linalotenganisha kilimo, hoteli, kazi za majumbani, ulinzi binafsi, viwanda na biashara, usafirishaji, ujenzi, madini, afya, shule binafsi na sekta nyingine, na kila sekta ina kiwango chake, kikiwa kimeandikwa kwa saa, kwa siku, kwa wiki na kwa mwezi. Anayekwenda kudai kwa kutumia takwimu ya wastani humpa mwajiri nafasi ya kumwambia, kwa haki kabisa, kwamba amekosea, na mazungumzo huishia hapo. Pata nakala ya amri yenyewe kutoka ofisi ya kazi ya mkoa au kwa katibu wa chama chako, kisha utafute mstari unaohusu kazi yako.

Chanzo cha pili ni mkataba wa hali bora uliosainiwa kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri. Kwa hoteli chama hicho huwa mara nyingi ni CHODAWU, kwa mashamba TPAWU, na kwa viwanda na biashara TUICO. Mkataba huu unamfunga mwajiri, na pale chama kinapotambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano mahali hapo pa kazi, unawahusu hata wasio wanachama. Usikubali kuambiwa kwamba nyongeza ni ya "watu wa chama" tu kabla hujausoma.

Chanzo cha tatu ni barua ya nyongeza au ya kupandishwa cheo, au kifungu ndani ya mkataba wako wa ajira kinachosema mshahara utapanda baada ya kipindi fulani. Ahadi ya mdomo iliyotolewa kwenye sherehe ya kufunga mwaka ni ushahidi dhaifu, ingawa si bure kabisa ikiwa wapo walioisikia. Kama hakuna amri, mkataba wala barua, ila unaona tu kwamba mshahara hautoshi, hilo ni ombi la maslahi, na njia yake ni majadiliano kupitia chama. Mwongozo huu hauwezi kulisaidia.

Mtumishi wa umma anayedai malimbikizo anapaswa kwanza kumaliza njia zilizowekwa na Sheria ya Utumishi wa Umma, kuanzia kwa mwajiri wake hadi Tume ya Utumishi wa Umma, kwa hiyo hatua za CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, zinazoelezwa hapa chini asizianze kabla ya hizo.

Hatua ya pili: Tenga mshahara wa msingi na mengine yote

Hapa ndipo ujanja mwingi unapofanyika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaeleza kuwa mshahara wa msingi ni malipo ya kazi iliyofanywa katika saa za kawaida, na haujumuishi posho, malipo ya saa za ziada, wala nyongeza ya kazi ya usiku, ya siku ya mapumziko au ya sikukuu. Kwa hiyo mwajiri anayechukua posho ya nyumba na posho ya usafiri, akazimimina kwenye mstari wa mshahara wa msingi na kutangaza kwamba amefikia kiwango kipya, huku jumla mkononi ikiwa ileile, hajaongeza kitu. Kubadili masharti ya ajira namna hiyo kunahitaji ashauriane nawe na kukujulisha kwa maandishi. Bakshishi nayo haihesabiki, kwa kuwa hutoka kwa mgeni; dereva anayeambiwa, "Wewe unapata tip nzuri, unataka nini tena?" anajibiwa swali ambalo hakuliuliza.

Angalia pia kama saa au siku zako zimepunguzwa kimyakimya mwezi uleule kiwango kilipopanda. Kwa vibarua wanaolipwa kwa debe la kahawa au kwa ndoo, andika kila siku idadi uliyochuma na ulicholipwa, kwa sababu bila kumbukumbu hiyo hakuna namna ya kulinganisha malipo yako na kiwango cha siku kilichomo kwenye amri.

Hatua ya tatu: Kusanya ushahidi ukiwa bado una nafasi ya kuupata

Unachohitaji ni mkataba wa ajira, barua au amri inayoonyesha nyongeza, slipu za mshahara za miezi miwili au mitatu kabla ya tarehe ya nyongeza na zote zilizofuata, taarifa ya benki au ujumbe wa malipo kwenye simu, nakala au picha ya ratiba ya zamu na daftari la mahudhurio, na taarifa ya michango yako NSSF. Slipu ni haki yako, kwa kuwa sheria inamtaka mwajiri aambatanishe kila malipo na maelezo ya maandishi kuhusu kiasi kilicholipwa na makato. Asiyepewa slipu aombe kwa maandishi, na ombi hilo lenyewe alitunze. Mwajiri akishindwa kuleta mkataba au maelezo ya ajira ya maandishi mbele ya chombo cha sheria, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unakuwa wake.

Katika kukusanya, tafuta pia jina halisi la mwajiri. Hili huonekana dogo, lakini madai mengi mazuri hukwama hapo. Jina lililo kwenye kibao cha lodge barabarani, lililochorwa kwenye milango ya magari na kushonwa kwenye sare, mara nyingi ni jina la kibiashara tu, wakati mwajiri wako kisheria ni kampuni yenye jina tofauti kabisa, au ni mtu binafsi. Linganisha mkataba, slipu, taarifa ya NSSF na leseni ya biashara iliyobandikwa ukutani. Risiti ya mashine ya EFD nayo husaidia: sehemu yake ya juu ina jina la mlipakodi na namba yake ya TIN. Majina yakitofautiana, tumia lile lililo kwenye mkataba, na umweleze ofisa utakayemwendea kuhusu tofauti hiyo mapema.

Hatua ya nne: Piga hesabu kwenye karatasi moja

Tuchukue mfano wa mhudumu wa mapokezi katika hoteli ya Njiro, ambaye barua yake inasema mshahara wa msingi unapanda kutoka Sh 320,000 hadi Sh 368,000 kuanzia 1 Januari 2026, lakini Januari na Februari amelipwa kwa kiwango cha zamani. Tofauti ni Sh 48,000 kwa mwezi, yaani Sh 96,000 kwa miezi miwili. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapojipunja, kwa sababu mshahara wa msingi ukipanda, kila malipo yanayokokotolewa kutokana nao hupanda pia.

Sheria inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na mwezi huhesabiwa kuwa na wiki 4.333, kwa hiyo mwezi mmoja una saa 195 hivi. Gawa Sh 48,000 kwa 195, utapata tofauti ya Sh 246.15 kwa saa. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, hivyo kila saa ya ziada imepunjwa Sh 369.23, kama Februari alifanya saa 20 za ziada, hiyo ni Sh 7,385. Kazi ya siku ya sikukuu hulipwa mara mbili, hivyo kama alifanya kazi saa 9 Sikukuu ya Mapinduzi, 12 Januari, anadai Sh 4,431 nyingine. Jumla inakuwa Sh 107,816. Aliyefanya kazi usiku aongeze asilimia 5 ya tofauti ya saa kwa kila saa ya usiku, na aliyelipwa likizo ndani ya kipindi hicho aikokotoe upya.

Michango ya NSSF ipangiwe mstari wake. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake, kwa hiyo kwa tofauti ya Sh 96,000 pekee Mfuko umekosa Sh 19,200. Fedha hiyo haiji mkononi mwako, lakini idai ipelekwe Mfuko. Dai lako liandike kabla ya makato. Kodi na michango vitakatwa wakati wa kulipa, na hilo ni jukumu la mhasibu.

Panga hesabu kwa safu: mwezi, kiasi kilichopaswa kulipwa, kiasi kilicholipwa, tofauti. Mwombe mwenzako anayejua hesabu aipitie. Kosa la shilingi elfu mbili kwenye karatasi hii litajadiliwa kwa muda mrefu kuliko mwaka mzima wa kupunjwa.

Hatua ya tano: Mwandikie mwajiri

Mazungumzo ya adabu na meneja au afisa utumishi yana nafasi yake, hasa pale ambapo kosa ni la mhasibu aliyesahau kubadilisha kiwango kwenye mfumo, jambo ambalo hutokea. Lakini baada ya mazungumzo andika barua, na ifuate muundo tuliouzoea wote:

YAH: MADAI YA MALIMBIKIZO YA MSHAHARA, JANUARI NA FEBRUARI 2026

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhudumu wa mapokezi katika hoteli yako. Kwa barua yako ya Desemba 2025, nakala imeambatishwa, nilijulishwa kuwa mshahara wangu wa msingi utapanda kutoka Sh 320,000 hadi Sh 368,000 kuanzia 1 Januari 2026. Mishahara ya Januari na Februari imelipwa kwa kiwango cha zamani. Kwa mujibu wa mchanganuo ulioambatishwa, ninadai Sh 107,816, pamoja na kuwasilishwa NSSF kwa michango inayohusu tofauti hiyo. Naomba malipo yafanyike ndani ya siku 7 tangu kupokelewa kwa barua hii, na mshahara wa Machi ulipwe kwa kiwango kipya.

Naomba kuwasilisha.

Barua haihitaji zaidi ya hayo. Usitaje ukabila, usitaje gari jipya la bosi, na usitishie magazeti. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikataa kugonga, itume kwa rejista ya posta na utunze stakabadhi. Ukipokea malipo ya sehemu tu huku unaletewa fomu inayosema umelipwa stahiki zako zote na huna madai, andika kando ya sahihi yako, kwa mkono wako, kwamba umepokea kiasi hicho bila kuacha dai la kiasi kilichobaki.

Hatua ya sita: Afisa Kazi au CMA, na saa inayoendelea kuhesabu

Kama unacholipwa kiko chini ya kima cha chini cha sekta yako, nenda ofisi ya kazi ya mkoa. Afisa Kazi ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kukagua vitabu vya mishahara na kumpa mwajiri amri ya kutekeleza sheria. Njia hii inafaa sana pale ambapo wafanyakazi wengi wamepunjwa kwa pamoja na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutajwa jina. Mwajiri akidai kwamba amesamehewa kutekeleza amri, aonyeshe barua ya msamaha huo.

Kama dai linatokana na barua, mkataba wa ajira au mkataba wa hali bora, chombo chako ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kila mtu huiita CMA. Hata aliyekwenda kwa Afisa Kazi asisahau Tume, kwa sababu mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unapaswa kufikishwa CMA ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Wapo wanaotetea kwamba kila mwezi unaopunjwa ni dai jipya. Ushauri wangu ni kutotegemea hoja hiyo: hesabu kuanzia siku ya kwanza uliyolipwa bila nyongeza. Katika mfano wetu, kama mshahara ulilipwa 31 Januari 2026, siku ya 60 ni 1 Aprili. Mazungumzo na mwajiri, ahadi zake na vikao vya tawi havisimamishi hesabu hiyo. Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda kwa fomu namba 2 ya Tume, lakini atatakiwa kueleza sababu ya kila siku aliyochelewa, na "nilikuwa nasubiri msimu" si sababu inayokubalika kirahisi.

Mgogoro hufunguliwa kwa fomu namba 1. Jaza jina sahihi la mwajiri, tarehe mgogoro ulipotokea, kiini cha dai na kiasi unachodai kwa tarakimu, kwa kuwa kisichoandikwa kwenye fomu hiyo ni vigumu kukidai baadaye. Sehemu B ni ya wanaolalamikia kuachishwa kazi pekee, kwa hiyo iache wazi. Mpe mwajiri nakala kwanza, akusainie kwamba amepokea, kisha uipeleke Tume pamoja na uthibitisho huo. Wafanyakazi wakiwa wengi, mmoja anaweza kusaini kwa niaba ya wenzake, mradi fomu iambatane na orodha ya majina na sahihi za waliomruhusu. Tume haitozi ada ya kufungua mgogoro.

Ofisi unayoiendea hutegemea mahali mgogoro ulipotokea, wala si mahali unapoishi. Mkazi wa Moshi anayefanya kazi Usa River anakwenda Arusha, kwa kuwa Usa River iko Arumeru. Anayefanya kazi Uwanja wa Ndege wa KIA yuko Hai, kwa hiyo ofisi yake ni ya Mkoa wa Kilimanjaro. Anayefanya kazi Mirerani yuko Manyara, hata kama kila Jumamosi analala Arusha.

Hatua ya saba: Usuluhishi, na baada yake

Msuluhishi ana siku 30 tangu mgogoro kufikishwa. Unaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama, wakili au mtu mwingine unayemchagua mwenyewe. Fika kwa wakati, kwani mlalamikaji asipotokea shauri lake linaweza kutupwa, na mwajiri asipotokea linaweza kuamuliwa bila yeye. Yanayosemwa katika usuluhishi hayatumiki kama ushahidi baadaye, kwa hiyo usiogope kutaja kiwango ambacho ungekubali.

Mwajiri kwa kawaida hutoa nusu. Kukubali au kukataa hutegemea ushahidi ulio nao: mwenye barua ya nyongeza na slipu mkononi hana sababu ya kupunguza kwa kiasi hicho, lakini anayetegemea ahadi ya mdomo afikirie vizuri. Mkikubaliana malipo kwa awamu, hati ya makubaliano iandike tarehe na kiasi cha kila awamu, iseme kwamba awamu moja ikikosekana deni lote lililobaki linadaiwa papo hapo, na itamke wazi kwamba mshahara mpya unaanza kulipwa mwezi gani. Sharti hilo la mwisho husahaulika sana, na matokeo yake mtu hulipwa malimbikizo ya nyuma na kuendelea kupunjwa mbele.

Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda kwa mwamuzi, ambaye husikiliza mashahidi na kutoa tuzo, yaani uamuzi wake wa maandishi. Asiyeridhika ana wiki 6 tangu apewe tuzo kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Tuzo isipolipwa hukazwa, yaani hutekelezwa kwa nguvu ya sheria, katika Mahakama hiyohiyo kama hukumu nyingine yoyote.

Ukifukuzwa kwa sababu umedai

Sheria inasema kwamba kutumia haki aliyopewa mfanyakazi na sheria au mkataba si sababu halali ya kumwachisha kazi. Ulinzi huo dhidi ya kuachishwa isivyo haki, hata hivyo, haumfikii aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo kwa muda usiofika miezi 6, na mtu wa namna hiyo atafanya vyema kudai kupitia chama au Afisa Kazi badala ya kujitokeza peke yake. Kwa aliyepita muda huo, mgogoro wa kuachishwa kazi una muda mfupi zaidi, siku 30 tangu kuachishwa, na hufunguliwa kwa fomu namba 1 mpya, safari hii Sehemu B ikiwa imejazwa, hata kama shauri la malimbikizo bado linaendelea mbele ya Tume hiyohiyo. Ile nakala ya barua yako yenye muhuri wa kupokelewa iambatishwe, kwa sababu inaonyesha kwamba dai lilitangulia na barua ya kufukuzwa ikafuata.